Uzito wa Kiti cha Mkiani

Masalu Ng'wandu alitia kidole kwenye tundu lililokuwa ubavuni mwa kiti chake, kidole kikazama chote. Akakichomoa, akakitia kwenye tundu la pili, kisha la tatu. Matundu yalipanda kutoka usawa wa kiuno hadi usawa wa shingo, yote upande wa kushoto. Jana, wakati yanachimbwa na risasi, yeye alikuwa ameinamia kulia akihangaika na bunduki iliyokwama. Kama bunduki ile ingekuwa nzima, angekuwa ameketi wima kama alivyofundishwa.

Akatambaa kutoka kwenye kibanda cha mkiani, akashuka ngazi, akaifuata sauti ya Sekela Mwaipungu chini ya tumbo la ndege. Asubuhi ya Kitulo ilikuwa na sakitu nyeupe juu ya majani, na mafundi walikuwa wanaimwagia ndege maji ya uvuguvugu ili mbawa ziachie barafu. Sekela alikuwa amepiga magoti akiunganisha nyaya za kuchajia ngao, huku akiimba kwa sauti ya chini.

"Dada Sekela, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Hii ngao yako. Huwa inafika kwangu?"

Sekela akaacha kuimba. Jibu alikuwa nalo, maana alifundishwa chuoni na akaliapia: ngao huizunguka ndege nzima. Alikwisha kumpa jibu hilo mtu aliyekaa mkiani kabla ya Masalu, mtu mpole aliyependa kupiga mluzi, na mtu yule mwishowe walimtoa kwenye kibanda chake kwa bomba la maji. Sekela ndiye aliyefungua koki.

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Panda nikuonyeshe."

Kiti chake kilikuwa tumboni, katikati ya matangi mawili ya mafuta, mahali pasipo na dirisha hata moja. Mbele ya kiti kilikaa kisanduku kizito kilichovikwa madini ya risasi, na juu yake kioo kidogo kilichowaka rangi ya kijani. Kisanduku hicho kiliitwa Mizani. Pembeni yake kulikuwa na wenzo wa chuma uliofungwa kwa waya na lakiri nyekundu.

"Hii ni Kwezi, ndege yetu, ukiitazama kutoka juu," Sekela alisema, akigusa mchoro kwenye kioo. "Hivi viduara ni sisi. Betri haina nguvu ya kuifunika Kwezi yote. Inafunika sehemu moja, kisha inahama. Mizani ndiyo inayoamua ihamie wapi, na inaamua kwa kutazama uzito wa kila kiti."

"Uzito?"

"Mtu akifa kwenye kiti hicho, kazi itaharibika kiasi gani. Basi. Hicho ndicho inachokijua."

Masalu akainama, akasoma. Rubani arobaini. Puani kwa mlengaji thelathini na nane. Tumboni ishirini na moja. Mkiani moja.

Akagusa namba ya mwisho. "Hii moja ni ya nini?"

"Nadhani wahandisi waliona aibu kuandika sifuri."

Masalu akacheka, na hakikuwa kicheko cha uchungu. Alikuwa mtu wa Shinyanga, mpana wa mabega, na alicheka kwa mwili mzima kiasi kwamba ilibidi ajishikilie kwenye bomba ili asijigonge. "Na wewe una ishirini na moja kwa kuwa bila wewe ngao haiendi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo inakulinda ili uilinde."

"Ndiyo, Masalu. Na nimekaa hapa mwaka mzima nikilindwa, nikakwambia uongo. Leo nimekwambia kweli. Unaweza kwenda kwa Meja sasa hivi ukasema huruki tena. Nitakuwa shahidi wako."

"Nani kasema siruki?" Masalu alikitazama tena kile kioo. "Sasa hii hapa chini ni nini?"

Sekela akabonyeza. Mchoro ukabadilika: ndege ileile, baada ya mabomu kudondoshwa. Rubani sabini na mbili. Tumboni ishirini na tano. Mkiani moja. Puani mbili.

Masalu akapiga mluzi mrefu. "Tindwa wetu wa puani anajua?"

"Hajui."

"Basi leo mezani anapata habari."

* * *

Kabla ya vita hivi watu waliamini kwamba hakuna mwanadamu atakayeketi tena ndani ya ndege ya mabomu. Ndege zilijiendesha zenyewe, na askari walizitazama kutoka chumbani wakinywa chai. Ndipo Dola ya Mabonde iliposimamisha minara yake mitano mikubwa, na kutoka kwenye minara hiyo ukatoka kile ambacho askari walikiita Ukungu. Haukuonekana kwa macho. Ila ndege yoyote iliyotegemea sauti ya redio au macho ya mashine, ikiingia ndani yake, ilipotea kama mlevi na kujibamiza chini. Chini ya kivuli cha Ukungu huo Dola iliziba mito, na mashamba ya Shirikisho yakaanza kukauka. Shirikisho halikuwa na njia nyingine. Likafungua makumbusho, likachora upya ndege za mababu, zenye nyaya na kamba na vioo, likatafuta watu wa kuketi ndani.

Wanne kati ya hao, watu wa Kwezi, walikuwa wameketi bwaloni, mbele ya sinia la viazi vya kuchemsha na maharage. Kapteni Hidaya Mbwambo, rubani, alimenya kiazi chake taratibu wakati Sekela anaeleza. Omari Tindwa, mlengaji, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alinyamaza.

"Mbili," alisema mwishowe. "Nikishabonyeza kitufe, mimi ni mbili."

"Umenizidi," Masalu alisema. "Usilalamike."

"Kapteni, wewe ulijua?"

Kapteni Mbwambo alikuwa mwanamke wa Usangi mwenye mvi mbili tatu juu ya paji, na sauti ambayo hata katikati ya mizinga haikupanda. Akaweka kiazi chini. "Nilijua. Marubani wote tunaambiwa."

"Ukakaa kimya!"

"Ningekwambia, Masalu angekaa wapi? Nani angekaa pale?" Akawatazama mmoja mmoja. "Nisikilizeni. Nilirusha ndege hizi kabla ya Mizani kufungwa. Tulikuwa tunatoka kumi, tunarudi sita. Sasa tunatoka kumi, tunarudi tisa. Mimi siipendi hesabu ile, lakini nimekula chakula na watu ambao wangekuwa wamekufa."

"Ndege ndiyo zinarudi, Kapteni," Sekela alisema. "Watu wa mkiani hawarudi. Tunawahesabu pamoja na vyuma."

Mezani pa jirani watu walikuwa wanacheza bao na kubishana.

"Mizani ni kipofu," Sekela akaendelea, na sasa aliinama mbele, macho yakiwaka kama mtu aliyeikamata hesabu aliyoisumbukia muda mrefu. "Haioni kipanga wa Dola anayekuja, haina hata masikio. Inafunika kiti kizito na kungoja. Lakini Masalu anaona. Ndege hizo za kivita nyingi huja kutoka nyuma, na yeye huziona mapema. Tindwa anaona mizinga ikiwaka chini. Wakisema, na mimi nikashika wenzo kwa mkono, ngao inaweza kufika mahali kabla ya risasi. Inahitaji pumzi moja tu kuhama. Nina uhakika, Kapteni."

"Ule wenzo una lakiri. Ukiikata bila amri unashtakiwa."

"Najua."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, mtu atakufa kwa mkono wangu. Sasa hivi wanakufa kwa mkono wangu pia, ila nimeupa mkono likizo."

Kapteni alitafakari. Kisha akasema, kama anayetoa amri ya kawaida: "Kesho tunapiga mnara wa Kilindo. Mpaka mabomu yatoke, Mizani inaamua, kwa sababu mnara ule ukibaki, mashamba ya watu yanakufa. Mabomu yakishatoka, kata lakiri. Mimi ndiye nimekuamuru."

"Na jambo moja zaidi," Masalu alisema. "Popote ngao ilipo, dada Sekela aseme. Nikiwa wazi, nijue niko wazi."

"Nitasema," Sekela alijibu. "Kila mara."

* * *

Waliondoka jua limeshapanda. Walipoingia kwenye Ukungu redio ilikoroma mara moja, ikafa, na kutoka hapo wakabaki na simu ya ndani, iliyopita kwenye waya kutoka puani hadi mkiani.

Sekela hakuona chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari ya tumboni: kuketi gizani kati ya mafuta, kusikia tu. Moto ukishika pale, mlango wa kutokea ulikuwa chini ya miguu yake, na ulifunguka kwa shida. Mbele yake, Kapteni alikuwa na vioo pande zote na hakuwa na pa kujificha, na kwa desturi ya marubani angekuwa wa mwisho kuruka, maana yeye akiuachia usukani ndege ingezunguka na kuwabana wenzake kwenye kuta. Puani, Tindwa alilala kifudifudi juu ya kioo, kifua chake kikiwa ndicho kitu cha kwanza ambacho mizinga ya ardhini ilikiona. Na Masalu, huko nyuma kabisa, alikuwa amejikunja kwenye kibanda kisichotosha mtu na parachuti yake kwa pamoja, ikabidi parachuti itundikwe nje ya kijilango mgongoni mwake. Ili aruke, kwanza ageuze kibanda kikae sawa, afungue, anyooshe mkono nyuma, aivae. Wengi hawakufika hata kwenye kufungua.

"Nauona mnara," Tindwa akasema. "Mzuri. Mrefu kama jeuri yao. Kapteni, nyoosha."

"Nimenyoosha. Ndege ni yako."

Kuanzia hapo Kwezi haikuruhusiwa kukwepa chochote. Ililazimika kwenda moja kwa moja kama mtu anayebeba maji kichwani, mpaka Tindwa abonyeze.

"Uzito wa pua umepanda. Ngao iko puani," Sekela alisema.

Mizinga ikaanza. Kila kombora lilipopasuka, ndege ilitikisika na vyuma vidogo vikagonga ngao vikageuzwa, mlio wake kama mvua ya mawe juu ya bati. Kioo cha Mizani kilitulia. Kilikuwa kimeridhika.

"Vipanga wawili," Masalu akasema. "Nyuma, juu kidogo. Wanakuja."

Kila mmoja alikumbuka yale ya bwaloni. Mabomu yalikuwa bado.

"Kulia kidogo, Kapteni," Tindwa alisema. "Kidogo tena."

"Wa kwanza ameingia umbali wangu. Napiga," Masalu alisema, na bunduki zake zikaanza kuunguruma.

Mkono wa Sekela ulikuwa juu ya wenzo. Alikuwa ameamriwa angoje mabomu. Akiiacha ngao puani, Tindwa atalenga akiwa salama, mnara utaanguka, na Masalu atakufa akiwa ameambiwa ukweli. Akiihamisha, Tindwa atabaki amelala juu ya kioo kitupu na mizinga chini yake. Lakini Dola ilikuwa imeweka mizinga yake kila mahali na kuifyatua kwa kubahatisha, ilhali wale wawili nyuma walikuwa wanakuja kwa mtu mmoja, kwa macho yao, na hawangekosa. Hiyo ilikuwa hesabu yake. Aliifanya katika muda wa kuvuta pumzi. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikuwa hesabu: Masalu hakuomba. Alisema anachokiona, akafanya kazi yake, basi.

Akakata lakiri.

"Naihamisha mkiani," alisema. "Tindwa, uko wazi."

"Nimesikia." Sauti ya Tindwa ilikuwa kavu. "Kushoto, Kapteni. Hapo. Usiguse kitu."

Ngao ilifika mkiani na risasi pamoja nayo. Sekela aliisikia ikipokea, mfululizo mrefu wa mawe juu ya bati, na betri zikanguruma chini ya kiti chake. Kisha bunduki za Masalu zikasema tena, na Masalu mwenyewe akapiga kelele, "Bawa! Bawa lake limetoka! Mmoja ameshuka!"

Sekela aliurudisha wenzo mbele. "Inarudi pua—"

Kombora lilipasuka chini ya pua kabla hajamaliza neno. Upepo wa baridi ulipita ndani ya ndege nzima kwa kishindo, ukipeperusha vumbi na vipande vya kioo. Halafu Kwezi ikaruka juu ghafla, nyepesi.

"Yametoka," Tindwa alisema. Akapumua mara mbili. "Yametoka, na yameenda sawa. Kapteni, sioni."

Chini yao kitu kikubwa kiliporomoka. Si wote waliokiona, ila wote walisikia: redio iliyokuwa imekufa ilikoroma kwenye masikio yao, na katikati ya mkoromo ikaja sauti ya mwanamke, mbali sana, akitangaza bei ya mahindi. Mwaka wa pili walikuwa hawajasikia sauti kama hiyo angani. Ilidumu kidogo, wakaingia kwenye Ukungu wa mnara mwingine, ikapotea.

"Sekela," Kapteni alisema, "nenda puani ukamfunge majeraha."

Akiondoka kitini, wenzo utabaki pale atakapouacha. Kwenye kioo Mizani ilikuwa imeshabadilisha mchoro wake. Puani mbili.

"Naiacha wapi?" aliuliza. "Yule wa pili bado yupo."

"Iache puani," Masalu alijibu bila kungoja. "Mtakuwa wawili huko."

"Na wewe?"

"Mimi nina macho. Nitapiga kelele mapema, Kapteni akwepe. Sasa ndege inaweza kukwepa, siyo? Nenda, dada. Iache huko."

Akafunga wenzo puani, akatambaa. Tindwa alikuwa amejiviringisha ubavuni, uso umejaa damu na vipande vya kioo, mikono yake bado imeshika kifaa cha kulengea. Sekela akamvuta mbali na lile tundu, akamfunga kitambaa machoni, akamkumbatia kwa nguvu ili joto lisimtoke. Kutoka nyuma ilikuwa ikija sauti ya Masalu, tulivu kama ya kondakta anayemwelekeza dereva kurudi nyuma.

"Anakuja. Bado. Bado. Kulia, sasa!"

Kwezi ililala ubavu. Risasi zikapita.

"Vizuri. Anageuka. Bunduki imekwama tena, shenzi hii. Ngoja nivue glavu. Anakuja. Bado. Kushoto, sasa! Wingu liko upande huo, Kapteni, lifuate."

"Ni mimi nimekuacha wazi," Sekela alimwambia Tindwa sikioni.

"Si ulisema? Nilisikia." Meno yake yaligongana. "Ungenyamaza ningekuchukia. Ningeinua kichwa nilenge vilevile, ujue. Ila ningekuchukia."

Bunduki za mkiani zikalia tena, kwa muda mfupi. Kisha wingu likawameza.

* * *

Meja Kitururu aliishika ile lakiri iliyokatwa kati ya vidole viwili. Mlangoni mwa banda la ndege machela mbili zilikuwa zimewekwa: ya Tindwa, ambaye madaktari walisema jicho moja wataliokoa, na ya Masalu, ambaye ngozi ya vidole vyake ilibaki imegandia kwenye chuma cha bunduki. Masalu alikuwa ameketi juu ya machela yake, akikataa kulala.

"Mnara umeanguka," Meja alimwambia Sekela. "Kwa hiyo sitakufunga. Lakini nataka uelewe ulichofanya, Sajenti. Kombora lile lingewahi kidogo tu, mlengaji angekufa kabla hajabonyeza. Ndege ingerudi na mabomu yake, na mimi ningelazimika kupeleka nyingine kesho, na watu wengine wanne."

"Naelewa, afande."

"Amri ilikuwa yangu," Kapteni Mbwambo alisema.

"Ya Kapteni ilikuwa baada ya mabomu," Sekela akasema. "Mimi nimekata kabla. Hilo ni langu."

Meja alimtazama. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa amechoka, na uchovu huo alikuwa ameuvaa muda mrefu kiasi kwamba ulifanana na sare. "Uzito ule niliukubali mimi. Nilikaa na wahandisi nikasaini kwa mkono huu. Kabla yake nilikuwa nazika ndege nzima nzima. Unafikiri sijui ile moja ni mtu?"

"Nafikiri unajua, afande. Ndiyo maana ukaamuru tusimwambie."

Meja aliangaza macho, akagundua kwamba mafundi walikuwa wameacha kazi, na kwamba watu waliokuwa wamesimama karibu na mlango hawakuwa mafundi. Walikuwa wapigaji bunduki wa mkiani wa ndege nyingine, wamekuja na makoti yao mazito. Masalu, kutoka kwenye machela, alikuwa ameshaanza kuwasimulia.

"Ungefanya tena?" Meja aliuliza.

"Ndiyo, afande. Na ningesema tena kwa sauti."

Meja akaitia lakiri mfukoni. "Hutagusa ngao tena katika kikosi hiki. Kwezi haina mtu wa mkiani. Utakaa wewe."

Kapteni akafungua mdomo, lakini Sekela alishapiga saluti. "Sawa, afande."

Na katika kulisema hilo alishangaa kuona hana hofu. Alikuwa na kitu kilichofanana na njaa ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

* * *

Kibanda cha mkiani kilikuwa chembamba kuliko alivyodhani. Fundi alimsukuma mabega ndipo kijilango kikafungwa, na parachuti yake ikabaki nje ya mgongo, ikigonga ukuta kila ndege iliporuka jiwe. Matundu ya ubavuni yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya bati. Sekela aliyagusa, akaweka mikono kwenye bunduki, na Kwezi ikapaa.

Hakuna aliyemwambia kwamba mtu wa mkiani husafiri kinyumenyume. Uwanja ulimtoka miguuni, kisha majani ya Kitulo, kisha mashamba ya viazi na mabati ya nyumba yakimetameta, yote yakienda mbali naye huku yakimtazama. Mwaka mzima alikuwa ameruka gizani. Akacheka peke yake kwa uzuri wa kitu kile, barakoa ikajaa mvuke.

Tumboni, kwenye kiti chake cha zamani, alikaa Edina Sanga, msichana aliyetoka chuoni wiki hiyohiyo, makini, asiyekosea kanuni. Lakiri ilikuwa mpya. Puani alilala mlengaji aliyeazimwa kutoka ndege nyingine, ambaye alikuwa hajasema chochote zaidi ya salamu.

Redio ikakoroma, ikafa. Walikuwa wameingia Ukungu.

"Sanga," Kapteni Mbwambo akasema kwenye simu ya ndani. "Ngao iko wapi?"

Kimya. Chuoni walifundishwa jibu moja.

"Inaizunguka ndege nzima, Kapteni."

"Sikukuuliza walichokufundisha. Nimekuuliza iko wapi."

Sekela alisubiri pamoja na wengine. Nyuma ya ndege anga lilikuwa tupu, bluu iliyokolea, halina hata alama. Aliweza kuwazia msichana yule gizani kati ya matangi, mkono juu ya magoti, macho kwenye kile kioo cha kijani. Alijua uzito wa kimya kile kuliko mtu yeyote.

"Iko kwako, Kapteni," Edina alisema.

"Puani?"

"Hapana, Kapteni. Tukikaribia itakwenda puani."

"Na mkiani?"

Mlengaji mgeni alikohoa.

"Hapana," Edina akasema. Halafu, kwa haraka, kama mtu anayeruka mfereji: "Dada, samahani. Huko haiji. Uko wazi."

"Asante, mdogo wangu," Sekela alijibu, na alimaanisha. "Uendelee kuniambia hivyohivyo."

Akageuza kibanda kulia, akakirudisha kushoto. Kilizunguka vizuri, bila kukwama. Chini kabisa kwenye ukingo wa anga kulikuwa na nukta mbili ambazo hazikuwapo muda mfupi uliopita. Akazitazama mpaka akawa na uhakika.

"Kapteni," alisema, "vipanga wawili, nyuma, chini. Wako mbali. Tuna muda mwingi."

"Nakusikia, Sekela. Niongoze."

Akavuta bunduki, akaanza kuongea.